Kura Tisini na Nne za Wageni

Santa Rita Amelco, Morelos, Meksiko
Jumapili, 21 Mei 2000

Kwa Shangazi Hortensia,

Nakuamkia kutoka upande huu wa dunia ambako mvua za kwanza zimeanza kunyesha juu ya joto, nikijua fika kwamba huko Treinta y Tres umeshavaa soksi mbili mbili na unaligombeza jiko la kuni. Je, goti? Je, mbwa wa jirani? Mwambie Baba kwamba barua yake nimeipata, nimeisoma mara mbili, na kile kiti alichonitunzia katika ofisi ya kinu cha mpunga namwomba ampe mtu mwingine kabla hakijaingia vumbi. Majani ya mate, chai yetu ya nyumbani, uliyotuma yamefika. Karani wa posta aliyafungua, akayanusa, akanitazama kwa huruma.

Mimi ni mzima, na nina kazi. Kila asubuhi, saa mbili hadi saa tatu, naketi mbele ya kipaza sauti cha Redio Fresno na kuendesha "Saa ya Majirani", kipindi cha wageni wanaoishi hapa: Wakanada, Wamarekani, Waholanzi, Wahispania watatu na Mkolombia mmoja, takriban wote wakiwa wastaafu. Natangaza kwa Kiingereza, kisha kwa Kihispania: nani anauza kabati, lini maji yatakatwa, paka wa nani amepotea. Mtu aliyehitimu chuo kikuu kwa tasnifu ya kurasa mia mbili juu ya uhuru wa magazeti anatangaza paka. Usicheke. Nakuona unacheka.

Doña Refugio, rafiki yako wa zamani, amenipa chumba cha juu, na kila asubuhi hunipa kifungua kinywa cha tamale mbili za pilipili mbichi, unga wa mahindi ukiwa bado unafuka mvuke ndani ya ganda lake. Hataki nimsifu. "Kula, mwanangu, redio haishibishi," ndiyo kauli yake. Nikimwuliza habari zako za miaka ile, huinuka kwenda kukoroga sufuria ambayo haikorogwi.

Sasa jambo lenyewe. Kibali changu cha ukaazi kinakwisha tarehe 31 Julai. Ili kiongezwe nahitaji barua ya tajiri wangu, Don Eleuterio Bahena, mwenye redio, pamoja na jalada lisilo na doa. Bila muhuri huo narudi nyumbani, na nyumbani ni kinu. Basi utaelewa kwa nini nimeudhika: tarehe 2 Julai nchi hii inachagua rais, mji huu unachagua meya, na mimi, pengine mtu pekee hapa aliyeisoma sheria ya uchaguzi kuanzia kifungu cha kwanza hadi cha mwisho, nimekatazwa kutamka neno kwa sababu ni mgeni. Wewe uliishi hapa miaka mitano. Walikubana hivi hivi?

Mwanao,
Anselmo

*

Treinta y Tres, Uruguay
Ijumaa, 9 Juni 2000

Anselmo mwanangu,

Goti linauma, mbwa amekufa, baba yako amenuna. Binamu yako Graciela amejifungua mtoto wa kike mwenye masikio ya ukoo wetu, masikini. Mto Olimar umepanda mpaka kwenye uzio wa uwanja wa mpira, na vijana wanacheza hivyo hivyo. Simu bado iko kwa mfamasia na bado siipendi. Mtu akitaka kuniambia kitu, aketi akiandike.

Umeniuliza walinibana vipi. Sikumbuki vizuri. Nilizoea mji wenye mto mkubwa, huko hapakuwa na mto wa kutosha, nikaenda Uswidi kuona theluji. Ndivyo ilivyokuwa, na Refugio hana la kuongeza.

Lakini nisikilize. Katiba ya huko ina kifungu cha thelathini na tatu. Mgeni asijiingize katika siasa za nchi. Akijiingiza, wanaweza kumtoa. Sisi tumezaliwa katika mji unaoitwa Thelathini na Tatu, kwa heshima ya wale wanaume thelathini na tatu waliovuka mto kuikomboa nchi, kwa hiyo watu wa kwetu wakiisikia namba hiyo hutoa kifua. Huko ukiisikia, kirudishe ndani. Tangaza paka. Mpaka wino wa muhuri ukauke, usibishane na mtu yeyote juu ya jambo lolote lenye namba, bango au mgombea.

Najua naomba mengi. Uliwahi kubishana na daktari wa meno huku koleo lake liko kinywani mwako.

Shangazi yako,
Hortensia

*

Santa Rita Amelco
Ijumaa, 23 Juni 2000

Shangazi mpendwa,

Pongezi kwa Graciela, na rambirambi zangu kwa mbwa, ambaye pamoja na kelele zake alikuwa na msimamo. Mimi sijambo. Doña Refugio anakusalimu kwa namna yake, yaani alisema "aa" nilipolitaja jina lako.

Onyo lako nimelipokea, nimelitafakari kwa uzito unaostahili, na naomba ruhusa yako nilikatae. Nitakueleza sababu.

Kwetu pia hufungwa midomo na chupa siku mbili kabla ya kura, na sijawahi kuona ubaya wake. Mtu apige kura akiwa ametulia na hajalewa. Hapa vilevile: kuanzia kesho hakuna gazeti wala redio inayoruhusiwa kutangaza kura za maoni mpaka vituo vifungwe, na siku tatu za mwisho hakuna kampeni ya aina yoyote. Hiyo ni sheria, nami naiheshimu. Nisichokiheshimu ni kile ambacho Don Eleuterio amekiongeza kwa hofu yake mwenyewe. Amebandika karatasi ukutani, mbele ya pua yangu: majina ya wagombea, marufuku, namba za kura, marufuku, rangi, marufuku.

"Don Eleuterio," nikamwambia, "sheria haisemi lolote kuhusu rangi."

"Sheria haisemi, wanaosikiliza ndio wanaosema. Kila chama kina rangi yake: hawa bluu, wale njano, wale kijani na nyekundu. Wewe leo useme anga ni la bluu, kesho mtu ananigongea mlango."

"Basi niseme anga lina rangi gani?"

"Sema hakuna mvua."

Na kwa kuwa ulimi, kama anavyodai, unahitaji mazoezi, tumeshaanza. Juzi Bibi Haldane, Mkanada wa miaka sabini na sita, alileta tangazo la sofa yake ya kijani. Niliandika "rangi ya majani". Don Eleuterio akakata majani kwa kalamu. Hatimaye nilitangaza sofa "iliyo katika hali nzuri", wakaja watu watatu wakiwa na matumaini ya kahawia.

Bibi Haldane huyo huyo ana dishi la setilaiti kubwa kuliko jiko lake. Wenyeji wanajua kwamba televisheni za nje hazifungwi na sheria ya hapa, kwa hiyo wiki hii peke yake ameletewa mayai arobaini. Mletaji huketi, husifu maua, hupiga chafya, kisha huuliza kana kwamba limemjia tu: "Na huko kwenu wanasemaje?" Joost, Mholanzi mwenye baa, amenunua mabuli ya chai kumi na mawili, maana siku ya kura pombe haiuzwi, na hajaona sheria inayomzuia mgeni kunywa chai yenye povu. Hivyo ndivyo tunavyoishi, sisi tusio na kura.

Hapo ndipo wazo langu lilipozaliwa. Ijumaa ijayo wageni watapiga kura yao wenyewe ya meya, kwa burudani, ndani ya maktaba yao. Karatasi itakuwa na majina ya wagombea wawili, Mhandisi Barreto na Mwanasheria Sotelo, na chini yake mstari mtupu wa kuandika jina la mtu asiyesajiliwa, kama ulivyo katika karatasi halisi ya nchi hii. Jumamosi nitayasoma matokeo redioni, nikiwa salama kabisa. Angalia: sheria inakataza kutangaza maoni ya wapigakura. Mgeni si mpigakura. Kwa hiyo maoni ya mgeni si maoni ya mpigakura, na kuyatangaza si kosa. Nimeizungusha hoja hii pande zote na sijaona ufa. Wala usiniambie habari ya kujiingiza katika siasa, kwa sababu kura ya watu wasio na kura haiwezi kutikisa hata unyasi.

Don Eleuterio bado hajui. Ataelewa akishasikia.

Mwanao asiye na wasiwasi,
Anselmo

*

Santa Rita Amelco
Jumanne, 4 Julai 2000

Shangazi mpendwa,

Natumaini goti linaendelea vizuri. Hapa mvua ni nzuri. Uchaguzi umepita kwa amani na watu walijitokeza kwa wingi. Doña Refugio ni mzima, ingawa hasemi nami.

Msalimie Baba. Muulize tu, kwa ajili ya maarifa ya jumla, kama kile kiti bado kipo.

Anselmo

*

Treinta y Tres
Jumapili, 16 Julai 2000

Anselmo mwanangu,

Sote tu wazima, mtoto wa Graciela ameanza kucheka, na baba yako anasema kiti kipo, tena amekipaka rangi.

Barua zako mbili zimeletwa jana na tarishi mmoja, kwa mkono mmoja. Ya kwanza ina kurasa saba, ya pili ina mistari mitano. Nakufahamu tangu ulipokuwa na meno mawili: katika kurasa saba ulisema utakalofanya, na katika mistari mitano umesema umelifanya. Hujaniambia wamekuita lini. Kwa hiyo barua hii naituma kwa njia ya haraka, na ndani yake naweka kitu ambacho nimekikalia miaka ishirini na mmoja.

Mwaka sabini na tisa meya wa Santa Rita Amelco alitaka kuwaondoa wanawake wauza vyakula chini ya matao ya soko. Refugio alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria moja. Mimi niliandika barua katika gazeti, nikaitia sahihi kwa jina langu lote, nayo ikachapishwa wiki ya uchaguzi wa meya, siku ambazo hata wenyeji walitakiwa kunyamaza. Wakaniita. Nilikwenda na katiba kwapani. Nilibishana na ofisa kuanzia saa nne hadi saa sita, na muda wote huo nilikuwa sahihi. Kila kifungu nilichokitaja kilikuwa kimenukuliwa sawasawa. Saa tisa nilikuwa ndani ya ndege. Sikumuaga Refugio, wala sikuchukua sufuria yangu. Na kwa kuwa nyumbani kwetu walikuwa wanatawala wanajeshi, ndege ikaenda Uswidi. Theluji sikuipenda hata siku moja.

Ofisa yule hakuwa mtu mbaya. Saa tano aliniletea maji, akaniuliza: "Bibi, unataka kushinda au unataka kubaki?" Nikamjibu kwamba vyote viwili ni haki yangu.

Sijui kama ningenyamaza ningebaki. Najua tu kwamba sikujaribu. Sikukusimulia kwa sababu hadithi ya mtu aliyekuwa sahihi na akapoteza haifai kusimuliwa kwa mtoto anayependa kuwa sahihi. Angeishika nusu ya kwanza tu.

Basi vaa shati jeupe. Ukipewa nafasi ya kusema, omba kubaki. Halafu funga mdomo, Anselmo, ufunge kama duka siku ya sikukuu.

Shangazi yako,
Hortensia

*

Santa Rita Amelco
Alhamisi, 27 Julai 2000

Shangazi,

Goti lako nitaliuliza mwishoni. Leo nitakiuka utaratibu wa barua, kwa sababu nimeukiuka utaratibu wa mambo makubwa zaidi, na ulitakiwa kuyajua tangu tarehe 4.

Ijumaa ile wageni tisini na wanne walipiga kura ndani ya sanduku la viatu vya Bibi Haldane. Nilitazamia mchuano kati ya Barreto na Sotelo, na hata utangulizi nilikuwa nimeuandaa. Bibi Haldane akaanza kufungua karatasi.

"Refugio," akasoma. "Refugio tena. Refugio wa tamale. Yule mama wa maji."

Jambo moja sikukuambia: mwezi Machi bomba lilikauka wiki tatu. Wagombea wote wawili walitoa hotuba. Doña Refugio alichukua kigoda chake, akaketi katikati ya barabara mbele ya lori la maji, na hakuondoka mpaka dereva akakubali kupita mtaa wa juu pia. Wageni wengi wanaishi mtaa wa juu. Kura sitini na moja zilikuwa na jina lake kwenye mstari mtupu. Sotelo akapata kumi na saba, Barreto kumi na sita.

Jumamosi asubuhi nilimweleza Don Eleuterio kwamba mambo yamekuwa mepesi kuliko nilivyodhani, kwa kuwa mshindi si mgombea, hana chama, na wala hana rangi.

"Ana namba," akasema.

"Namba za watu wasio wapigakura, Don Eleuterio, ambazo kwa mujibu wa sheria..."

"Soma paka."

Nikasoma paka. Nikasoma na ratiba ya maji. Dakika tano kabla ya kumaliza, nikiwa na hoja yangu isiyo na ufa kifuani, nikasema kwa Kiingereza kisha kwa Kihispania: "Katika kura ya majirani wa kigeni kumtafuta meya wa Santa Rita Amelco, mshindi ni Doña Refugio Tapia, aliyepata kura sitini na..." Don Eleuterio, ambaye sijawahi kumwona akitembea haraka, alikimbia. Akazima mtambo. Redio Fresno ikawa kimya dakika nne nzima, kisha ikaja marimba ya harusi.

Shangazi, kama angeniacha nimalize, mji ungecheka na kwenda kununua nyama. Kimya kile ndicho kilichofanya kazi. Nilipofika sokoni habari ilikuwa imenitangulia.

"Umesikia? Wamemkata!"

"Alifika sitini na ngapi?"

"Sitini kwa mia, bwana!"

"Acha wewe. Refugio? Huyu wa hapa?"

"Wageni wana madishi, compadre. Wao wanajua, sisi ndio tunafichwa."

Nilisimama juu ya kreti la nyanya nikajaribu kueleza tofauti kati ya kura za maoni na burudani ya maktaba. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo walivyozidi kukonyezana.

Jumapili watu mia mbili na kumi na wawili waliandika jina la Doña Refugio kwenye mstari mtupu wa karatasi halisi. Mwanasheria Sotelo alishindwa kwa kura kumi na tisa. Matokeo yalibandikwa kwenye milango ya vituo, na Jumatatu asubuhi alikuja mwenyewe mpaka kwenye sufuria, akiwa na tai.

"Doña Refugio, umenimaliza."

"Mimi? Mimi nilikuwa nauza. Tena nilimpigia kura Barreto, na wala simpendi."

Sotelo akageuka kunitazama, nami nikaanza kuhesabu tamale. Alipoondoka nilitarajia Doña Refugio acheke. Alifunika sufuria. "Umelifanya jina langu bango," akasema, "na hukuja hata kuniuliza." Tangu hapo hakusema nami, ila tamale mbili niliendelea kuzikuta mlangoni, zikiwa za moto, jambo ambalo lilinitesa zaidi.

Jumanne nikapata wito: mgeni ametangaza kura ya maoni siku iliyokatazwa, naye hana haki ya kujiingiza katika siasa. Kifungu cha thelathini na tatu kilikuwa kimepigiwa mstari. Siku ile ndiyo niliyokuandikia habari za mvua. Kisha nikakaa wiki tatu nikiandika utetezi wa kurasa tisa, wenye hoja kumi na nne na tanbihi.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Tarishi alinikuta mlangoni nikiwa nimevaa shati la buluu. Niliisoma barua yako nimesimama, nikarudi juu kubadili shati.

Ofisa alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kamba, aitwaye Zulema Arizmendi. Mbele yake palikuwa na malalamiko ya Sotelo na barua ya Don Eleuterio, ambayo aliisoma kwa sauti: "Kijana huyu ni mwaminifu, hufika mapema, na hutangaza paka vizuri sana."

"Sasa, Bwana Etcheverry," akasema, "una la kusema?"

Kurasa tisa zilikuwa mfukoni mwangu, Shangazi, na nakuapia zilikuwa na joto. Hoja ya kwanza ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Nikamwona ofisa wako wa mwaka sabini na tisa akileta glasi ya maji.

"Naomba kubaki," nikasema.

"Hilo tu?"

"Hilo tu, Bi."

"Mwanasheria Sotelo anaandika hapa kwamba wewe ni msomi hatari."

Alisema msomi. Alisema hatari. Nilitazama kalenda ya ukutani, nikahesabu Jumatano za mwezi wa Agosti. Ziko tano.

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa kiuno, akaingia Doña Refugio na sufuria yake imefungwa kwa shali.

"Huyu si hatari," akasema. "Huyu ni mpumbavu. Msichanganye."

"Mama, huna miadi."

"Nina tamale." Akaiweka sufuria juu ya malalamiko ya Sotelo. "Mwaka sabini na tisa mlinichukulia mmoja wa ukoo huu. Mwanamke aliandika jina lake lote gazetini kwa ajili ya kona yangu, na nilipokuja kumshukuru alikuwa ameshapandishwa ndege. Kona ninayo mpaka leo. Shukrani ninayo mpaka leo, sina pa kuipeleka. Huyu kwa sasa hata sisemi naye, lakini wa pili simtoi."

Bi Zulema aliinuka. Alikwenda chumba cha nyuma, akakaa muda mrefu, akarudi na jalada la rangi ambayo Don Eleuterio asingeniruhusu kuitaja. Alilisoma akiwa amesimama. Alikula tamale moja bila kuiangalia, kisha ya pili akiiangalia. Halafu akavuta muhuri.

Mwaka mmoja, Shangazi! Nimepewa mwaka mmoja, pamoja na onyo la maandishi, na nimekatazwa kutamka redioni neno lolote kuhusu uchaguzi wowote, hata ule wa malkia wa sherehe ya mji. Nilisema "asante". Halikuwa na tanbihi.

Nilipokuwa nainuka aliniuliza, "Hortensia Etcheverry ni nani wako?"

"Shangazi yangu."

"Jalada lake linasema baada ya miaka mitano angeweza kuomba amri ya kumfukuza nchini ifutwe. Halina ombi. Hakuna hata karatasi moja. Alifariki?"

"Hapana, Bi," nikasema. "Ana kiburi."

Doña Refugio akacheka mpaka shali ikaanguka. Tulirudi pamoja, na njiani alisema nami, kwanza kunitukana, kisha kwa kawaida. Kurasa tisa nimempa awashie jiko. Anasema zimeshika moto vizuri, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza kuipata kwa maandishi yangu katika nchi hii.

Ndani ya bahasha nimekuwekea fomu ya ombi hilo. Bi Zulema mwenyewe ndiye aliyenipa, mlangoni. Sitabishana nawe juu yake. Nimejifunza jana, na bado inaniuma.

Je, goti?

Anselmo

*

Treinta y Tres
Jumatatu, 14 Agosti 2000

Anselmo mwanangu,

Goti linauma likijua kuna ngazi za ndege. Mtoto wa Graciela ana jino. Baba yako amekikalia kile kiti mwenyewe na anasema kinamtosha. Nakutumia majani ya mate kilo mbili. Usimpe karani wa posta.

Nilikasirika siku tatu kwa lile neno ulilomwambia ofisa. Siku ya nne nilikwenda kwa mfamasia, nikaomba simu. Refugio hakuniamini mpaka nilipomwambia sufuria yangu ilikuwa na mpini mmoja. Akasema anayo bado, na ndiyo aliyoibeba siku ile. Baada ya hapo hatukusema kitu, na mfamasia ananidai dakika kumi na moja za kimya.

Fomu nimeijaza. Jina, tarehe, mahali pa kuzaliwa. Nilipoandika Thelathini na Tatu nilicheka peke yangu. Mwishoni kuna mistari sita ya kueleza sababu za ombi. Nilikaa mbele ya ile mistari kuanzia saa nne hadi saa sita. Vifungu vyote nilivikumbuka, kwa mpangilio wake, na niko sahihi hadi leo.

Nimeandika: "Kifungua kinywa." Mistari mitano iliyobaki nimeiacha mitupu, na wewe peke yako utajua ilivyonigharimu.

Shangazi yako,
Hortensia